Kifafa: Seli za Ubongo Zinapokubaliana Kupita Kiasi

Mtu akianguka kifafa hadharani Kampala, waliomzunguka hugawanyika: kuna wanaokimbia mate yasiwaguse, na kuna wanaotafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Maswali ya wasomaji nayo hayabadiliki. Je, kifafa, ambacho Waganda hukiita ensimbu, huambukizwa kwa mate? Hapana. Kwa ushuzi? Hapana pia, na swali hili limeshajibiwa hadi likachosha.

Kinachotokea kichwani kinavutia kuliko uzushi wowote. Wengi hudhani ubongo wa mwenye kifafa hupoteza utaratibu. Mawimbi ya EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho daktari Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929, mara nyingi huonyesha kwamba utaratibu umezidi: seli nyingi hufyatua kwa pamoja. Fikiria Old Taxi Park, kituo cha teksi cha Kampala, asubuhi. Kondakta mmoja anaita Ntinda, mwingine Wandegeya, mwingine Kawempe. Ni makelele matupu, lakini kila abiria anapata gari lake. Sasa makondakta wote waite jina moja, kwa pumzi moja, mara tatu kila sekunde. Hakuna atakayefika popote. Mara tatu kwa sekunde ndio mdundo wa kile kifafa kinachomfanya mtoto aduwae darasani kidogo, halafu aendelee kuandika kana kwamba hakuna lililotokea.

Je, mdundo huo unaweza kuvunjwa?

Dokezo lilitoka nje ya tiba. Mwaka 1990, Edward Ott, Celso Grebogi na James Yorke wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha kwamba hata mfumo wenye vurugu unaongozeka. Vurugu ya wanahisabati (chaos) si ovyo: hufuata kanuni, ila tofauti ndogo kabisa ya mwanzo hukua haraka mpaka mwendo hautabiriki tena. Katika mizunguko yake, mfumo hupita karibu na midundo isiyo imara. Ukiusukuma kidogo wakati huo huo, unaushikilia pale, kama mtoto anayesimamisha fimbo kiganjani kwa kuchezesha mkono kidogo kidogo. Nguvu haisaidii, wakati ndio kila kitu.

Mwaka 1994 mtafiti Steven Schiff na wenzake walijaribu mbinu hiyo kwenye vipande vya ubongo wa panya vilivyowekewa potasiamu nyingi ili vifyatue kama vya kifafa. Kwa mipigo midogo ya umeme waliupa mdundo mpangilio. Kwa mbinu ya kinyume waliuvuruga.

Lakini seli hai zina kelele nyingi, yaani mitikisiko ya bahati nasibu. Mwaka 1995 David Christini na James Collins walionyesha kwamba mbinu hiyo hiyo inaweza kutuliza hata modeli ya neva isiyo na vurugu, yenye kelele tu. Kwa hiyo kufanikiwa kuutuliza mfumo hakuthibitishi kwamba ulikuwa na vurugu. Mwaka huo huo Zachary Mainen na Terrence Sejnowski waliipa seli moja ya neva umeme usiobadilika, nayo ikafyatua kwa nyakati tofauti kila jaribio. Walipoipa umeme unaopandashuka, wakarudia mpandoshuko ule ule, ikafyatua karibu nyakati zile zile kila mara. Kumbe kelele inayozifikia seli nyingi kwa pamoja inaweza kuwa mpiga ngoma wao.

Schiff baadaye alifika Uganda, kuchunguza vichwa vya watoto vinavyojaa maji baada ya maambukizi. Mwaka 2020 timu yake na hospitali ya CURE ya Mbale ilitangaza kupata bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya watoto hao. Maambukizi ya ubongo ni mojawapo ya vyanzo vya kifafa.

Ama kuhusu kuuvunja mdundo wenyewe, Marekani iliidhinisha mwaka 2013 kifaa kinachopandikizwa kichwani, kikasikiliza mawimbi na kupiga umeme degedege linapoanza. Kwa wengi Uganda, tiba bado ni kidonge, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo.

Akianguka: mlaze ubavu, mwekee kitu laini kichwani, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali. Mdomoni usitie chochote. Hospitali za Mulago na Butabika ziko hapa hapa Kampala. Na mganga anayemwambia mgonjwa atupe karbamazepini, dawa yake ya kifafa, anywe mizizi aulizwe atakuwa wapi usiku wa degedege lisilokatika, kwa sababu kuacha dawa ghafla kunaweza kulileta.