Kabla Hujamruhusu Mwanao Avutwe na Boti Baharini

Mama, kama unaishi Kendwa huenda ombi hili umeshalisikia. Mtoto anarudi kutoka pwani jioni, nguo zimekauka chumvi mwilini, anakwambia kuna kaka mmoja wa boti kamwahidi kesho asubuhi atamvuta bure kabla wageni hawajaamka. Anataka kusimama juu ya ubao kama wale anaowatazama kila siku: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mikono kwenye kamba, wanayakata maji kulia na kushoto nyuma ya boti. Kuteleza huko kwa ubao mmoja kunaitwa slalomu.

Huna haja ya kuujua mchezo huu ili uweze kujibu. Unahitaji kujua vitu vya kuuliza, kwa sababu madhara mengi hutokea wakati wa kuanguka, na kila anayejifunza huanguka. Basi swali lako kubwa liwe hili: mwanangu akianguka, itakuwaje?

Anajua kuelea?

Bahari ya Kendwa haikupwi mbali kama ya Paje au Jambiani. Maji yapo karibu saa zote, ndiyo maana watoto wetu hushinda humo. Lakini kucheza kwenye maji ya kifuani si sawa na kuogelea kwenye kina. Mwambie akuoneshe, ukiwa na mtu mzima anayejua kuogelea: alale chali juu ya maji kwa dakika mbili bila kushika kitu, kisha aogelee mita 25 hivi bila kukanyaga chini. Akishindwa, kuvutwa kusubiri.

Wasichana wengi hawakupata nafasi ya kufundishwa. Hapo jirani Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazositiri mwili mzima, kwa hiyo stara si sababu ya mtoto wa kike kukosa kujua kuelea.

Jaketi la kuokolea

Hata bingwa wa kuogelea hulivaa katika mchezo huu. Mtu anayeanguka kwa kasi anaweza kupigwa kichwa na ubao akazimia, na aliyezimia haogelei.

Jaketi linalofaa ni la sponji ngumu ndani, lenye mikanda inayofungwa kifuani na tumboni. Lile la kujaza upepo halifai hapa, kwani kishindo cha kuanguka kinaweza kulipasua au kulivua. Zipo pia fulana nyembamba za kuzuia maumivu ya kupigwa na maji. Nyingi kati ya hizo hazimweleshi mtu, basi usidanganywe na sura yake.

Mfungie mwanao mikanda yote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake. Wengi hukosea hapa: boti ina majaketi ya watu wazima tu, na mtoto wa miaka kumi anavishwa hilo hilo "bora kuliko kukosa". Akiingia majini litapanda, kichwa kitazama ndani yake. Mtoto mdogo anahitaji jaketi la saizi yake lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Liminye pia. Sponji iliyovunjika vipande au iliyolowa maji mpaka ikawa nzito haina kazi tena.

Nguo, na jambo ambalo watu huona haya kulisema

Kanga, kanzu, buibui na mtandio unaopepea havifai kuvutwa navyo. Hulowa vikawa vizito, na vinaweza kunasa kwenye kamba. Anayetaka kujisitiri avae nguo ya kuogelea inayobana, yenye mikono mirefu na kofia yake iliyoshonewa humo humo. Pini za mtandio zibaki nyumbani, pamoja na mikufu, pete na bangili.

Sasa lile la haya. Mtu akianguka kwa makalio huku miguu imepanuka, maji yanaweza kuingia kwa nguvu ukeni au kwenye njia ya haja kubwa na kuchana ndani. Madaktari wanalijua jeraha hili kwa watelezaji wa majini, nalo linaweza kutoa damu nyingi. Chupi ya kawaida au suruali nyepesi ya kuogelea haizuii. Kinachosaidia ni suruali nene ya mpira kama wanayovaa wapiga mbizi, na wapiga mbizi Kendwa na Nungwi si haba, kwa hiyo kuazima inawezekana. Mwambie binti yako mapema, kwa lugha anayoielewa, kwamba akipata maumivu au damu baada ya kuanguka akwambie siku hiyo hiyo. Wasichana hunyamaza wakidhani ni hedhi, au wakiogopa maneno ya watu.

Na wewe mwenyewe, mama: ukiwa mjamzito usivutwe, hata kama mimba ni changa. Ukishajifungua, subiri mpaka damu ikatike na kliniki ikukague.

Kamba na ubao

Kamba ya mchezo huu ni nyepesi na inaelea, na kwa kawaida huwa na urefu wa mita 23 hivi pamoja na mpini wake. Kamba ya nailoni ya kufungia ngalawa isitumike. Inazama, kwa hiyo inaweza kujisokota kwenye propela, tena inavutika kama mpira na ikikatika hurudi kama mjeledi. Ipitishe kamba mkononi mwako taratibu. Ukikuta nyuzi zimechomoka au kuna fundo la kuunganishia, ikatae.

Anayeanza hatumii ubao mmoja. Anaanza na mbao mbili, na za watoto huwa fupi, nyingine zikiwa zimefungwa pamoja mbele ili miguu isiachane. Miguu ikiachana wakati boti inavuta, msuli wa nyuma ya paja unaweza kuchanika, na kupona kwake ni miezi. Viatu vya mpira vilivyo juu ya ubao vibane kiasi cha kushika mguu, lakini mguu uchomoke ukivutwa kwa nguvu. Vikibana mno, ubao hugeuka na kifundo cha mguu.

Botini wawepo watu wawili

Hapa usilegeze hata kidogo. Nahodha anatazama mbele. Lazima awepo mtu mzima wa pili ambaye kazi yake ni moja tu, kumtazama anayevutwa. Nahodha akiwa peke yake hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na pwani ya Kendwa imejaa boti zilizotia nanga, kamba zake, wageni wanaoogelea na wavuvi wanaorudi. Boti ianze mbali na vyote hivyo, kwenye maji yanayozidi kimo cha mtu mzima. Siku za bamvua maji yakipwa, miamba iliyokuwa chini inakuwa karibu, kwa hiyo nahodha awe ni mtu anayeijua sehemu hiyo. Wakati mzuri ni asubuhi, saa moja hadi saa tatu, upepo haujaamka. Na nahodha awe hajalewa. Muulize hata kama ni mtoto wa jirani, tena muulize hasa kama ni mtoto wa jirani.

Kelele za mashine hazipitishi sauti, kwa hiyo wakubaliane ishara nchi kavu. Dole gumba juu ni kuongeza kasi, chini ni kupunguza. Kiganja juu ya kichwa ni kurudi. Mkono kupita shingoni ni kusimama mara moja. Akianguka akawa mzima anyanyue mkono juu, na asiponyanyua wamchukulie kuwa ameumia.

Kasi ya kumvuta mtoto kwa mbao mbili ni kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Mtu mzima kwenye ubao mmoja huenda 40 hadi 50, na mashindano ya wanaume kikomo chake ni 58. Kwa kasi hiyo maji yanapiga kama ardhi, kwa hiyo mtoto asifanyiwe mambo ya wakubwa kwa sababu tu ameomba.

Namna ya kusimama

Jambo hili mfundishe mwenyewe mchangani kabla ya siku yenyewe. Mwambie akae kama anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi: magoti karibu na kifua, mikono imenyooka kuyazunguka magoti, ameshika mpini. Wewe shika ncha nyingine ya kamba umvute polepole mpaka ainuke. Kosa la kila anayeanza ni kuvuta kamba kuelekea kifuani na kukurupuka kusimama. Mwache akae hivyo hivyo, boti ndiyo imnyanyue. Majini ncha za mbao zionekane juu ya maji mbele yake. Akishasimama, magoti yabaki yamekunjwa, mikono minyoofu, macho yatazame boti. Anayetazama miguu yake huifuata.

Ubao mmoja ni wa baadaye, akishaweza kuvuka mawimbi ya boti kwenda na kurudi kwa mbao mbili bila kuyumba. Hapo hujifunza kunyanyua kisigino cha mguu mmoja, uzito ukihamia mguu wa mbele, kabla ya kuuacha ubao wa pili kabisa. Kuijua slalomu yenyewe, ya kukata kona kuzunguka maboya sita, ni kazi ya muda mrefu. Usikubali ifanywe asubuhi moja.

Kamba asiizungushe kamwe mkononi wala kiunoni. Akihisi anaanguka aachie mpini, ajikunje, na asijaribu kujizuia kwa mikono.

Boti inapomrudia

Propela ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Boti imrudie taratibu, yeye akiwa upande ambao nahodha anamwona, na mashine izimwe kabisa kabla hajashika ngazi. Kuitoa gia tu hakutoshi. Asikae wala kuning'inia nyuma ya boti mashine ikiwaka, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kumlevya mtu akaanguka majini.

Akitolewa majini hapumui

Usimning'inize miguu juu, na usimkandamize tumbo ili atapike maji. Unapoteza dakika ambazo hana. Mlaze chali kwenye kitu kigumu, rudisha kichwa nyuma kidogo, ziba pua na umpulizie pumzi tano mdomoni mpaka uone kifua kinapanda. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo huku mwingine akitafuta gari. Usiache njiani.

Akiamka bado anahitaji hospitali, hata akisema yuko sawa. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Mpeleke pia haraka baada ya kuanguka akiwa na kichwa kinachouma kinachozidi, anatapika, anasinzia au anachanganya maneno. Shingo inauma au mikono na miguu inakufa ganzi (huyu asiinuliwe wala kugeuzwa ovyo, mshikeni kichwa kisicheze). Damu au maumivu sehemu za siri au chini ya tumbo. Tumbo linakuwa gumu. Au hawezi kukanyagia mguu. Sikio likiuma ghafla, likitoa damu au likiziba, huenda ngoma ya sikio imetoboka. Usitie mafuta, maziwa wala dawa ya matone, na asiingie baharini mpaka daktari aliangalie.

Hospitali ya Kivunge imo ndani ya wilaya yetu ya Kaskazini A, na kutoka Kendwa hadi Mnazi Mmoja mjini ni zaidi ya kilomita 50. Kwa hiyo kabla mwanao hajapanda boti, hifadhi kwenye simu yako namba ya dereva mmoja wa Kendwa ambaye asubuhi hiyo hatakuwa na safari.