Dakika Kumi za Kwanza Ndizo Zenye Faida Kubwa

Mtu asiyependa mazoezi akiamua kubadilika, huanza kwa kishindo. Jumatatu alfajiri anakimbia mpaka pumzi zinamwishia, na siku hiyohiyo anaacha wali, chapati na sukari. Ikifika Alhamisi magoti yanauma na njaa inamtesa. Wiki inayofuata amesharudi kule kule, akiamini kwamba mazoezi si yake.

Makala hii ni ya mtu huyo. Ninachotaka akijue ni kwamba faida kubwa kuliko zote hupatikana pale mtu anapotoka kwenye kutofanya chochote na kuanza kufanya kidogo.

Ushahidi wake ni wa siku nyingi. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walishinda wamekaa, ilhali makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima wakikata tiketi. Ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Hawakuwa wanariadha; kazi yao tu ndiyo iliyowanyanyua kitini. Tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huohuo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 zinamtisha anayeanza. Lakini mwongozo huohuo wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba mwendo uhesabiwe pale tu unapofika dakika 10 mfululizo. Dakika tatu za ngazi zinahesabiwa. Nne za kwenda gengeni nazo zinahesabiwa.

Hata lile lengo la hatua 10,000 kwa siku lisikukatishe tamaa. Idadi hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa wanawake wazee wa Marekani uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500.

Sehemu ya siri ya faida hizo iko kwenye misuli. Baada ya kula, sukari huingia kwenye damu, na mwili hutegemea insulini kuifikisha ndani ya seli. Misuli inapofanya kazi hufungua njia nyingine: huvuta sukari hiyo yenyewe, bila kusubiri insulini. Ndiyo maana kutembea kidogo baada ya mlo hupunguza sukari ya damu, hata kwa mtu ambaye uzito wake haujashuka hata kilo moja.

Sasa tuchukue mfano wa mama mwenye duka la vitenge Kariakoo, anayekaa Kimara. Kutwa yuko kwenye kiti nyuma ya kaunta, jioni anafika nyumbani hoi. Ukimwambia ajiunge na jimu, umemtwika mzigo. Mwambie ashuke basi la mwendokasi kituo cha Fire badala ya kufika Gerezani, sehemu iliyobaki aende kwa miguu. Tuseme ni dakika 10 tu. Kwa siku sita za biashara amepata dakika 60, na akirudi vilevile jioni ni 120. Hakununua raba mpya wala hakuamka mapema mno.

Asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, ainuke na kukaa kwenye kiti mara tano bila kujishika kwa mikono, kisha aegemee ukuta na kujisukuma mara tano. Hayo ni mazoezi ya nguvu, ambayo yanatakiwa angalau siku mbili kwa wiki. Akizoea, aongeze idadi.

Tuje kwenye chai yenyewe. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa, yaani gramu 36 hivi. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba ni vyema sukari ya kuongeza isizidi takribani gramu 25 kwa siku, na hapo hatujahesabu soda. Akiiacha ghafla, chai itamchukiza. Apunguze nusu kijiko kwa kila kikombe, ulimi uzoee kwa wiki mbili, ndipo apunguze tena. Baada ya miezi miwili atakuwa kwenye kijiko kimoja, na ile chai ya zamani ataiona tamu kupita kiasi.

Ugali asiufukuze mezani. Apunguze robo ya matonge aliyozoea, nafasi hiyo ijazwe na mchicha, matembele au maharage. Siku nyingine ale dona badala ya sembe, maana dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, hivyo nyuzinyuzi zake ni nyingi na hushibisha. Mafuta ya kukaangia ayapime kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu.

Mabadiliko ya namna hii yana uzito wa kitabibu. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokaribia kupata kisukari. Waliosaidiwa kula vizuri, kupunguza uzito kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Usitegemee hamu, kwa sababu hamu huja na kuondoka. Funga jambo jipya kwenye jambo unalolifanya tayari: chai, safari, chakula cha jioni. Utafiti wa London wa mwaka 2010 ulikuta kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine 18, wengine hata 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ukikosa leo, kesho endelea palepale.

Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana isivyo kawaida, simama na uende hospitali. Mwenye kisukari anayetumia insulini azungumze na daktari wake kwanza, kwani sukari inaweza kushuka mno.

Anza na jambo moja tu, dogo kiasi kwamba hata siku uliyochoka utaliweza. Usiongeze la pili mpaka la kwanza limekuwa la kawaida. Na usiulize mzani peke yake: angalia kama ngazi zile zile hazikuchoshi tena, kama mkanda umelegea, kama presha imetulia. Mara nyingi mwili hupata nafuu kabla ya mzani kusema.