Santuri za Jazi Zisizofaa Kukosekana Nyumbani

Aliyeazimia kujiwekea hazina ya santuri za jazi, akaanza kuulizia zipi zilizo faradhi na zipi zilizo sunna, aghalabu hukabidhiwa orodha ndefu ya majina mia, ambayo lau angaliifuata yote angalimaliza mali yake kabla hajamaliza kusikiliza. Nami naona ni heri mtu awe na santuri chache alizozizoea hata akajua kila mpigaji anapovuta pumzi, kuliko kabati lililosheheni majalada ya kuonyeshea wageni. Nisemapo jazi nakusudia ile ya Wamarekani weusi, wala si muziki wa dansi wa kina Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, ambao unastahiki makala yake wenyewe.

Kipimo changu ni kimoja: santuri na iwe kazi yenye nia moja tangu mwanzo hata tamati, isiwe kapu la nyimbo zilizookotwa huku na huku. Kwa kipimo hiki Louis Armstrong, ambaye pasipo yeye pengine tusingekuwa na la kuzungumza, hubaki nje ya mlango, kwani nyimbo alizozipiga na Hot Five na Hot Seven baina ya 1925 na 1928 zilinaswa zama ambazo upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika 3 tu. Hata hivyo mtafute katika mkusanyiko wowote ulio safi, na usikilize tarumbeta inavyoufungua “West End Blues” wa 1928 ikiwa peke yake, kisha uendelee na safari.

Safari yenyewe huanzia *Kind of Blue* ya Miles Davis, na sioni haya kurudia neno lililokwisha kusemwa na kila mtu. Ilinaswa New York kwa siku 2, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika jengo lililokuwa kanisa hapo zamani, na wapigaji, miongoni mwao John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, walipewa muhtasari tu wa kile watakachopiga. Badala ya kukimbizana na sauti za kinanda zinazobadilika kila mara, wakaruhusiwa kutua juu ya ngazi moja ya sauti muda mrefu, na humo ndimo ulimotoka ule utulivu ambao wengi wameuiga na wachache wameupata. Mnunuzi ajihadhari na jambo moja: siku ile ya Machi mashine ya kunasia sauti ilikwenda polepole kidogo, hivyo nyimbo 3 za upande wa kwanza zikatoka na sauti ya juu kuliko zilivyopigwa, na kosa hilo halikusahihishwa mpaka toleo la 1992.

Mwaka ule ule Charles Mingus alitoa *Mingus Ah Um*, yenye rambirambi kwa Lester Young aliyefariki Machi 1959, na yenye tashtiti kali dhidi ya Orval Faubus, gavana wa Arkansas, ambaye mwaka 1957 aliwapanga askari kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya Little Rock. *Time Out* ya Dave Brubeck, nayo ya 1959, ni tamu, wala simkatazi mtu. Lakini utamu wake huisha upesi.

Kuhusu *A Love Supreme* ya Coltrane, iliyonaswa Desemba 1964, nitasema machache, maana ni dua, na dua haipambwi kwa maneno ya mpita njia. Ina sehemu 4, na katika ile ya mwisho saksafoni inalisoma shairi aliloliandika Coltrane mwenyewe, lililochapwa kwenye jalada, mizani kwa mizani. Na msikilizaji aliyelelewa na kasida na Maulidi katika pwani yetu huenda akalifahamu hilo mapema kuliko wengi waliokwisha kuliandikia vitabu.

Iko santuri ambayo wapangaji wa orodha za Ulaya na Marekani huiruka, na kwa msomaji wa Kiswahili kuiruka ni dhuluma. Mpiga kinanda Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alinasa *Uhuru Afrika* Novemba 1960, mwaka ambao mataifa mengi ya Afrika yalipandisha bendera zao na Tanganyika ikingali inangoja zamu yake. Maneno akayatunga mshairi Langston Hughes, na mwanamke hodari wa tromboni, Melba Liston, akaupanga muziki kwa wapigaji zaidi ya 20, pamoja na wapiga ngoma Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Cuba. Katika sehemu ya mwanzo, iitwayo “Uhuru Kwanza”, Mtanganyika Tuntemeke Sanga anaghani kwa Kiswahili, wala si kwa pambo: lugha yetu ndiyo iliyokabidhiwa kusema kwa niaba ya bara zima, na ngoma zikaitikia. Ifuatayo ni “African Lady”, sifa kwa mwanamke wa Kiafrika, kisha “Bantu”, na “Kucheza Blues” inayofunga kwa furaha isiyojizuia. Serikali ya Makaburu iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1964, na sidhani iko shahada bora zaidi kwa kazi yenye jina kama hilo.

Miaka kama kumi baada ya kunaswa kwa *Uhuru Afrika*, Herbie Hancock na wenziwe walijipa majina ya Kiswahili, wakatoa *Mwandishi* mwaka 1971. Naipenda, ila ni sunna.

Basi mwenye uwezo wa kununua moja na anunue *Kind of Blue*. Mwenye uwezo wa mbili, ya pili na iwe *Uhuru Afrika*, wala asisubiri mpaka aimalize orodha ya wengine.