Leso za Lisbon

Mswahili akiingia duka lolote la Lisbon huanza kusoma kabla hajajifunza Kireno. Mahali pa kulipia pameandikwa caixa, na wenyewe hulitamka "kaisha": ndilo kasha letu, ila hapa limekuwa kasha la fedha. Meza ni mesa. Chupa za vinho zimejipanga ukutani, na kwenye duka la vitambaa muuzaji akikutajia fronha utajua foronya ya mto wako ilitoka wapi. Neno moja linaweza kumpoteza mgeni. Igreja, lililotuzalia gereza, huku ni kanisa tu, na milango iko wazi. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698. Ngome ilibaki, na haya maneno ya nyumbani yakabaki nayo.

Mtu wa kununua huanzia Baixa, bondeni, karibu na mto Tejo. Usitafute vichochoro vya kale hapo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mji ulitikisika, maji yakapanda kutoka mtoni, kisha moto ukateketeza kilichosalia. Jumba la mfalme liliangamia, pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya bahari ya Hindi na hesabu za pilipili iliyotoka huko. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliujenga upya mtaa huo kwa mistari iliyonyooka, na kila kazi ikapewa njia yake: Rua do Ouro ya wafua dhahabu, Rua da Prata ya wafua fedha, Rua dos Sapateiros ya washona viatu, Rua dos Correeiros ya watengeneza matandiko ya farasi, Rua dos Fanqueiros ya wauza nguo. Majina yangali ukutani. Kazi zenyewe nyingi zimehama, na mahali pake utakuta sumaku za kubandika kwenye friji, zenye umbo la tramu ya manjano.

Rua da Conceição bado inajitahidi. Ni njia ya vifungo, nyuzi, zipu na riboni, maduka membamba kama ukumbi wa nyumba, yenye visanduku vya mbao hadi darini. Ukitaka kifungo, lete kile kilichobaki kwenye koti. Mwenye duka atakigeuza mwangani, atavuta kisanduku kimoja kati ya mamia, na mara nyingi hatakosea. Hana haraka nawe, na huyo mteja aliye mbele yako hana haraka pia. Hapo hapo nje hupita tramu namba 28, dirisha likikaribia kabisa watu wa kando ya njia, imejaa wageni wanaopiga picha maduka wasiyoyaingia.

Mwaka 2012 sheria ya pango ilibadilishwa, na kodi za zamani, ambazo nyingine zilikuwa ndogo mno, zikaachiwa zipande. Maduka mengi ya wazee yalifungwa au yakawa hoteli. Halmashauri ya jiji ikaanzisha mpango uitwao Lojas com História, maduka yenye historia, ili kuyatambua na kuyalinda yaliyosalia. Duka likiingia kwenye orodha hiyo hupata nafuu, lakini orodha haileti mteja wa kifungo.

Juu ya Baixa kuna Chiado, mtaa wa wenye nazo. Sehemu yake iliungua vibaya Agosti 1988, ikajengwa tena kwa michoro ya Álvaro Siza. Bertrand, duka la vitabu lililoanza mwaka 1732, bado linauza. Duka la glavu la Luvaria Ulisses, la mwaka 1925, ni dogo kiasi kwamba wateja wachache tu wanalijaza na wengine husubiri nje. Ukiingia, unaweka kiwiko juu ya mto mdogo na muuzaji anakuvalisha glavu kidole kwa kidole. Sina pa kuvalia glavu, lakini ningelipa kwa kutazama tu.

Sasa harufu. Ukishuka Rua do Arsenal utasimamishwa na pua, na mtu wa Unguja au Lamu atadhani amefika kwao penye papa mkavu. Ni bacalhau, samaki wa bahari baridi za kaskazini, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Amepangwa marundo mlangoni, kila rundo na daraja lake la ukubwa na bei yake kwa kilo. Cha ajabu ni kwamba samaki huyu haishi kabisa kwenye maji ya Ureno. Kwa karne nyingi mabaharia walimfuata hadi Newfoundland, na siku hizi wengi wake hutoka Norwei, ilhali pwani yao wenyewe imejaa sadini. Lakini usiku wa kuamkia Krismasi nyumba isiyo na bacalhau hujiona fukara.

Kumchagua ni elimu. Mama wa Kilisbon hupima unene kwa vidole, hukagua rangi (awe na umanjano wa majani makavu, asiwe mweupe pe), humshika mkiani na kumwinua: akikunjika, bado ana maji, na yeye hakuja kununua maji. Akisharidhika, muuzaji humkata vipande papo hapo. Nyumbani hulowekwa siku moja au mbili, maji yakibadilishwa mara kwa mara. Wareno hujisifu kwamba wana mapishi yake mengi kuliko siku za mwaka. Sikuyahesabu.

Samaki wabichi wako Mercado da Ribeira, jengo lenye kuba, la mwaka 1882, karibu na kituo cha Cais do Sodré. Tangu 2014 upande mmoja umegeuzwa ukumbi wa vyakula, na humo kelele ni za wageni. Upande wa pili ndio soko, na ufike asubuhi, maana ikifika alasiri sakafu imekwishaoshwa. Jumatatu usitarajie mengi, kwa kuwa wavuvi wengi hawatoki Jumapili. Bei imeandikwa na kodi imo ndani yake. Ukianza kupatana, muuzaji atakutazama kwa huruma.

Kwa vyakula vya kwetu, panda hadi uwanja wa São Domingos. Watu wa Guinea-Bissau hukaa hapo mchana kutwa, wanawake wakiuza kola na viungo chini, wanaume wakizungumza wamesimama. Hatua chache mbele ni Martim Moniz, mlangoni mwa Mouraria, mtaa walikotengwa Waislamu baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Leo maduka mengi ya hapo ni ya Wabangladeshi, Wanepali, Wachina, na Wahindi waliohamia kutoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975. Utapata mihogo, bamia, dengu, mchele wa magunia na nyama halali, na huenda ukajibiwa kwa lugha tatu kabla ya kupewa chenji.

Kupatana bei ni Feira da Ladra, gulio la Jumanne na Jumamosi huko Campo de Santa Clara. Jina lake wengi hulielewa kama soko la mwizi wa kike. Bidhaa hutandazwa juu ya shuka: santuri, funguo zisizo na kufuli, sarafu za escudo, mitumba, miwani ya marehemu. Vigae vya bluu na nyeupe pia vipo, navyo uvitilie shaka, kwani vingine hubanduliwa kwenye kuta za watu usiku, na polisi wana mradi maalumu wa kupambana na wizi huo. Nyuma ya soko ni kanisa la Santa Engrácia, lililoanza kujengwa mwaka 1682 likamalizika 1966. Mreno akiona kazi isiyokwisha huitaja kwa jina la ujenzi huo.

Kinachomgusa Mwafrika wa mashariki pale ni vitu vya waliorudi. Mwaka 1974 na 1975 watu wapatao nusu milioni walimiminika Ureno kutoka makoloni, na wazee hao sasa wanakufa. Ndiyo maana juu ya shuka utaona kadi za posta za Lourenço Marques, kabla haujaitwa Maputo, albamu za harusi za watu wasiojulikana, na vinyago vya Kimakonde vilivyovuka bahari kwenye kasha la mtu. Ukitaja bei mara ya kwanza, muuzaji hucheka. Mara ya pili, hupunguza. Ukitaka kuondoka, ondoka kweli.

Ukija Juni, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu António tarehe 13, mitaa hunuka sadini za kuchoma na kila kona huuza manjerico, jamaa ya mrehani wetu, ndani ya chungu kidogo chenye ua la karatasi na ubeti wa mapenzi. Haunuswi kwa pua. Unapitisha kiganja juu ya majani, kisha unakinusa kiganja.

Nami nilikuwa nimekwenda kutafuta leso. Lenço ni kitambaa cha mkononi, ndicho kilichoipa jina leso ya Mombasa. Huko kaskazini, Minho, wasichana walikitarizi kwa nyuzi nyekundu, bluu na kijani: ndege, mioyo, funguo, na katikati maneno ya kumpa mpenzi. Kijana akionekana nacho hadharani, jibu lilikuwa limetoka. Wengi wa wasichana hao hawakupitia shule sana, wakaandika kama walivyosema, na makosa hayo ya tahajia ndiyo yanayopendwa leo. Kutofautisha kazi ya mkono, geuza kitambaa utazame vifundo vya nyuma. Maneno hayatakusaidia, kwa kuwa vile vya bei rahisi, vilivyotoka kiwandani, navyo vimeandikwa kwa makosa yale yale, herufi kwa herufi.