KOMPYUTA IKIKATAA KUSHIKA MTANDAO, TUSIKIMBILIE KUNUNUA NYINGINE



Kila fundi wa kiwandani anajua kwamba mashine ikisimama mtu hakimbilii kuagiza mota mpya. Kwanza hutazama swichi, kisha fyuzi, kisha mkanda, na mota huja mwisho. Lakini fundi huyo huyo akirudi nyumbani jioni, akaikuta kompyuta yake imekataa kushika mtandao, husahau mafunzo yote ya kazini. Huibeba hadi mjini, akalipa pesa nyingi, na mara nyingine hulipia ubovu ambao haukuwapo.

Tunaandika habari hii kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe huku Kireka, upande wa mashariki wa Kampala, katika nyumba za mizigo. Kwa ndugu walio nje ya Uganda, mizigo ni vile vyumba vya kupanga vilivyojengwa kwa mstari, mlango kwa mlango, ua mmoja. Familia sita tulichanga pesa tukaweka rauta moja, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa hewani kwa waifai. Haikuwa anasa. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Kisha, Julai 2021, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliondolewa, ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data za intaneti. Mtu mmoja peke yake angebeba vipi mzigo huo? Tukaona heri kuugawana.

Katibu wa tawi letu anaishi katika mstari huo huo, na kompyuta yake ya mkononi ndiyo ofisi ya tawi. Mwezi huo wanachama kadhaa walikuwa na wasiwasi juu ya michango yao ya NSSF. Sheria inasema wazi: mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10, na fedha zote hufikishwa kwenye Mfuko kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Tangu marekebisho ya 2022 sheria inamgusa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Aidha, mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaweza kuomba hadi asilimia 20 ya akiba yake. Basi mwezi mmoja usiolipwa si jambo dogo. Ni jasho la mtu.

Mkutano na mwajiri ulikuwa Jumatatu. Jumamosi jioni wanachama walifika kwa Katibu, kila mmoja afungue hesabu yake mwenyewe na kuweka nakala ya taarifa yake. Kompyuta ikaonyesha jina la mtandao wetu, ikaomba neno la siri, ikapewa, ikakataa. Ikajaribiwa mara ya pili na ya tatu. Ikakataa.

Kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na barabara akaitwa. Akaitazama kidogo, akasema, "Mzee, kifaa cha waifai cha ndani kimekufa. Tafuta kompyuta nyingine." Mwingine akashauri tuondoe neno la siri katika rauta ili kila kitu kiingie bila kuulizwa. Katibu akakataa mashauri yote mawili. Akaniita mimi, fundi wa mitambo, akasema, "Ndugu, fanya kama unavyofanya kazini." Hivi ndivyo tulivyofanya, na ndivyo tunavyokushauri nawe ufanye.

KWANZA: ujue ubovu uko upande gani. Watu walisema, "Rauta ni nzima, maana simu zetu zinafanya kazi." Lakini simu ina data zake yenyewe! Inaweza kufungua kurasa kwa bando lako huku wewe ukidhani ni waifai. Zima data za simu, acha waifai peke yake, kisha jaribu. Tulipofanya hivyo simu tatu zikafungua kurasa bila shida. Basi rauta ilikuwa ikifanya kazi, na tatizo lilikuwa kati yake na kompyuta.

PILI: tazama swichi. Kompyuta nyingi, hasa zile kuukuu, zina swichi ndogo ubavuni au kitufe juu ya kibodi kinachozima waifai. Tazama pia kama haikuwekwa katika hali ya ndegeni. Mtoto akicheza nayo anaweza kuigusa bila kujua. Yetu ilikuwa wazi.

TATU: jaribu kompyuta kwenye mtandao mwingine. Hili ndilo jaribio lililotuokoa. Tuliwasha waifai ya kugawa katika simu ya Katibu, tukaiunganisha kompyuta na simu hiyo. Ikashika mara moja! Basi kifaa cha ndani hakikuwa kimekufa hata kidogo. Katibu angekwenda kununua kompyuta nyingine, angekuwa amezika mgonjwa aliye hai.

NNE: andika upya neno la siri. Kompyuta huhifadhi neno la zamani, na likibadilishwa katika rauta, yenyewe huendelea kutoa lile la kale. Iamuru isahau mtandao huo, kisha anza upya. Bonyeza ile alama ya jicho uyaone maandishi unayoandika. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na sifuri si herufi O. Tukasoma herufi moja moja kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya rauta. Bado ikakataa.

TANO: tazama aina ya kufuli. Hapa ndipo ubovu ulipokuwa. Mtandao wa nyumbani hufungwa kwa utaratibu unaoyavuruga maneno yote yanayopita hewani, ili jirani asiyasome. Ule wa zamani, WEP, ulionekana kuwa dhaifu tangu 2001, na haufai kutumiwa. WPA2 ulikuja 2004, na WPA3 ukatangazwa 2018. Rauta yetu ilikuwa imebadilishwa wiki ile, na mpya ilikuwa imewekwa WPA3 peke yake. Simu zetu za karibuni zinaufahamu. Kompyuta ya Katibu, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika, haiufahamu. Ilikuwa kama mtu mwenye ufunguo wa kufuli la jana.

Dawa haikuwa kuondoa kufuli. Tulifungua ukurasa wa rauta kwa kutumia anwani iliyoandikwa kwenye ile karatasi, tukachagua hali inayokubali WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Kompyuta ikaunganishwa.

SITA: tulidhani tumemaliza, kumbe bado. Kompyuta ilionyesha imeunganishwa, lakini kila ukurasa ulikataa kufunguka na kutoa onyo la usalama. Mama mmoja wa idara ya kufungasha akauliza, "Mbona saa ya kompyuta yako inasema ni mwaka mwingine?" Alisema kweli. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekwisha, tarehe ikarudi nyuma miaka mingi. Kurasa za benki, za NSSF na nyinginezo huonyesha cheti chenye muda maalumu, na kompyuta yenye tarehe mbaya hukiona cheti hicho kuwa si halali. Tukasahihisha tarehe, mambo yakafunguka.

Yako mengine ambayo hayakutupata sisi lakini yanaweza kukupata wewe. Ukiona anwani ya kompyuta yako inaanza na 169.254, ujue rauta haikuipa anwani. Zima rauta, ngoja nusu dakika, uiwashe tena. Ikiwa vyumba vya jirani vina rauta nyingi, mawimbi husukumana. Katika masafa ya 2.4 jaribu njia namba 1, 6 au 11. Tena kumbuka kwamba kompyuta kuukuu huenda isiyaone kabisa masafa ya 5.

Na kama vyombo vyote vimekosa mtandao, usiguse kompyuta yako. Huenda bando limekwisha. Huenda pia tatizo liko mbali sana na Kireka. Uganda haina bahari, na sehemu kubwa ya intaneti yetu hupita katika nyaya za chini ya bahari. Mei 12, 2024, nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki ikataabika. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hata fundi hodari hana la kufanya.

Mwisho, ulinzi. Mtandao wa kuchangia ni mali ya wote, na hapana budi ulindwe na wote. Mpangaji akihama, neno la siri libadilishwe. Neno la kufungulia ukurasa wa rauta lisiachwe lile la kiwandani. Wala mtu asimwachie mwenziwe neno lake la siri la NSSF, awe fundi, awe katibu, awe ndugu wa damu.

Usiku ule, karibu saa tano, taarifa ya mwisho ilitoka. Wanachama wawili walikuwa na miezi ambayo fedha zilikatwa katika mshahara lakini hazikuonekana kwenye Mfuko. Jumatatu karatasi zao ziliwekwa mezani pamoja na karatasi za mshahara, na mazungumzo hayakuwa tena ya "nasikia" na "inasemekana". Mwajiri aliomba muda wa kukagua vitabu vyake. Kamati ilikubali, na tarehe ya kurudi mezani ikaandikwa. Tawi linaingoja.

Ndugu zangu, kama kuna mwanachama anayejua kazi hii ya mitandao, basi asikae na elimu yake chumbani. Aifundishe tawi lake. Na wewe uliye shambani, usiye na kompyuta, mwombe katibu wako mkae naye uitazame hesabu yako. Tusingoje uzee ndipo tuulize fedha zetu zilikwenda wapi.

Umoja ni nguvu!