Mwenye kusoma akifariki, vitabu vyake vinaenda wapi?

Hapa Nzilo na mu makartye ya Kolwezi, mutu mwenye vitabu vingi wanamucheka kidogo. Mugeni akiingia anauliza: « Hivi vyote ulishamaliza kusoma? » Watu wa nyumba wanalalamika juu makartoni yamejaa mupaka chini ya kitanda. Lakini mutoto akikosa kitabu cha masomo, ni kwa huyo huyo anaenda kupiga hodi.

Siku ile anafariki, inakuwa namna gani? Kilio inapoisha, jamaa inagawana viti, televizyo na nguo. Vitabu hakuna mwenye kuviomba. Baba yangu alikuwa anasoma kila magaribi, kisha kazi ya mugodi. Alipotuacha, vitabu vyake vilibakia ku baraza musimu muzima wa mvua. Tuliokoa diksyonere moja tu, nayo bila jalada. Hakuna mutu alitufanyia ubaya. Hatukujua tu la kufanya.

Mutoto wa Likasi

Kuko mufano mukubwa karibu na sisi. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi, muji wenye tunapita tukienda Lubumbashi, mwaka wa 1941. Alifariki Marekani mwezi wa ine 2025. Alikuwa mwandishi na mwalimu mwenye kujulikana dunia nzima, zaidi sana kwa kitabu chake cha 1988 juu ya namna wageni waliandika habari za Afrika.

Tabia yake ya kusoma ilianza ku utoto, mu shule ya mapadri. Kisha aliingia kwa wamonaki wa Benedikto kule Gihindamuyaga, inchi ya Rwanda. Kwa wamonaki hao, kusoma haiko starehe ya mutu mwenye nafasi, ni kazi yenye saa zake. Sura ya 48 ya sheria yao inapanga saa za kusoma kila siku. Wakati wa Kwaresima, kila mumoja anapewa kitabu kimoja, na anapashwa kukisoma chote, toka mwanzo mupaka mwisho.

Mudimbe aliacha umonaki, lakini kusoma hakuacha. Alifundisha ku inivesite ya Lubumbashi miaka ya 1970. Mobutu alipotaka kumuingiza mu komite kuu ya chama cha MPR, alikataa, na akaenda kuishi Marekani. Kule alifundisha mu mainivesite makubwa, na vitabu viliendelea kuongezeka mupaka vikawa maelfu.

Angeweza kuviacha kule, kwenye biblioteki haikosi kitu. Lakini alivitoa zawadi kwa inivesite ya Lubumbashi. Vitabu vikavuka bahari, vikarudi Katanga. Ile mali ya mutu mumoja ikawa ya wanafunzi.

Na sisi wenye kartoni mbili?

Mutu anaweza kusema: yule alikuwa profesa, mimi niko na vitabu makumi mawili. Ni kweli. Lakini huku kwetu, vitabu makumi mawili vinaweza kusaidia shule nzima yenye haina biblioteki. Mambo tatu yanaweza kufanyika bila feza nyingi.

Ya kwanza, kuvilinda. Maadui ni watatu: muchwa, maji na vumbi. Usiweke kartoni chini ku udongo wala usiegemeze vitabu ku ukuta. Weka ubao juu ya matofali, mbali na pahali manjanja yanavuja. Kisha mvua, vitoe inje kwenye kivuli, uvifungue vipate hewa.

Ya pili, kuandika liste: jina la kitabu, la mwandishi, na la mutu mwenye alikiazima. Kitabu kilichoazimwa bila kuandikwa, mara nyingi hakirudi.

Ya tatu, kusema mapema vitaenda kwa nani. Sheria ya familia ya 1987 inakubali wasia wenye mutu ameandika wote kwa mukono wake, akatia tarehe na sinyatire.  Lakini watoto wako na haki yao mu uriti. Kwa hiyo njia yenye haina matata ni kutoa ukingali muzima: shule, parokia, ao kijana wa kartye mwenye unaona anapenda kusoma. Uliza kwanza kama wako na pahali pakavu na mutu wa kuvichunga.

Tunajua kupigania parsele ya marehemu mupaka ku tribinali. Kartoni ya vitabu haina mwenye kuipigania, ndiyo maana mwenyewe anapashwa kuisemea angali hai. Diksyonere ya baba yangu ingali kwangu. Jina la mutoto mwenye nitamuachia, nimeshaliandika ndani.