Amani ya Wajir ilianzia penye maziwa

Maziwa ya ngamia hayana subira. Yakishakamuliwa sharti yafike sokoni mapema, na katika mji wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, wauzaji wake ni akina mama. Mwaka 1993 hata biashara hiyo ilikuwa imeingiliwa na vita. Mama wa ukoo huu hakuthubutu kumuuzia wa ukoo ule, na wengine walifukuzwa sokoni kabisa.

Mambo yalikuwa yamerundikana. Ukame wa 1991 na 1992 ulikuwa umeua mifugo mingi. Serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia Januari 1991, bunduki zikavuka mpaka. Uchaguzi wa Desemba 1992 nao ukachochea uhasama wa koo za Kisomali za Waajuran, Wadegodia na Waogaden. Kuikimbilia serikali hakukuwa rahisi kwa watu walioishi miaka mingi chini ya sheria za hali ya hatari, na ambao walikuwa hawajasahau mauaji ya Februari 1984, wakati askari wa serikali walipowaua raia huko Wagalla, karibu na Wajir.

Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alikuwa akisimulia usiku mmoja risasi zilipopita karibu na nyumba yake, akamsukumia bintiye mchanga uvunguni mwa kitanda. Kulipokucha, mama yake akamkumbusha kwamba naye alimficha Dekha vivyo hivyo, enzi za vita vya shifta vya miaka ya 1960, vya kutaka kujitenga na Kenya. Vizazi vitatu, uvungu ule ule. Sijui mzazi anayeweza kulisikia hilo akatulia.

Dekha na wenzake wachache, wa koo mbalimbali, walianza kuzungumza harusini, mahali ambapo wanawake hukutana bila kuulizwa wanajadili nini. Hawakuanza na hotuba za amani. Walianza na soko: kila mama auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Wakaweka wenzao wa kuangalia, na palipozuka ugomvi, kamati yao iliuwahi kabla haujafika kwa wanaume.

Tusiwapambe, hata hivyo. Wanawake hao hao walikuwa na ulimi wa kuwasha vita. Kwa nyimbo na kejeli walimfanya kijana aone haya kubaki nyumbani. Lakini mwanamke wa Kisomali mara nyingi huzaliwa ukoo mmoja na kuolewa ukoo mwingine. Kaka zake wako upande huu, wanawe upande ule. Nani angezika pande zote mbili ila yeye?

Soko likatulia, wakawaendea wazee. Ugumu ulikuwa hapo, kwa kuwa baraza la wazee halikuwa mahali pa mwanamke kuzungumza. Wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kuliko zote, ambaye hakuna aliyemwogopa wala kumshuku, wakamwomba awe msemaji wao. Septemba 1993 wazee wakakubaliana mkataba wa amani, Azimio la Al-Fatah. Kisha vijana wenye bunduki nao wakafuatwa. Mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani ya wilaya, ambamo akina mama, wazee, vijana, masheikh na maofisa wa serikali walikaa meza moja. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Kenya ilieneza kamati za namna hiyo katika wilaya nyingine. Dekha, aliyepata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka huo wa 2007, alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Kuna jambo moja linaloniuma katika habari hii. Mwaka 2001 viongozi wa kaskazini mwa Kenya walikutana mjini Modogashe wakaandika masharti ya amani, pamoja na dia, yaani fidia ya damu ya aliyeuawa. Kwa mwanamume, ngamia 100. Kwa mwanamke, 50. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu akina mama wa Wajir wafungue soko lao kwa koo zote, wakawafungulia wazee njia ya kukaa pamoja.